Matairi Laini

Pancha aliyaegemeza matairi mawili ukutani, moja kila upande wa mlango wa kibanda chake, kama wachumba wawili wanaongoja kuchaguliwa. Akajifuta mikono kwenye ovaroli, akamsogezea mgeni wake kiti cha plastiki, lakini kwanza akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa, mzee wangu. Jambo hili haliamuliwi kwa kusimama."

Fundi Vioo akakaa. Alikuwa mzee mrefu, bega moja limeshuka kuliko jingine kwa kubebea vioo miaka mingi, na mikono yake ilijaa makovu madogo meupe ambayo hata yeye hakujua tena lipi alilipata wapi. Siku hizi mikono hiyo ilikuwa inatetemeka. Ndiyo sababu kazi ya kukata vioo alikuwa ameiacha, maana kioo hakimwonei haya mzee.

"Hili la kushoto," Pancha akasema, akiligonga kwa ncha ya kiatu, "ni ndugu wa yale uliyokuja nayo. Gumu. Sisi tunaliita ranflati. Ukuta wake umejazwa mpira mnene, hata upepo ukiisha wote halilali chini. Unaendelea na safari yako polepole mpaka umkute fundi. Msumari, chupa, mwiba, wewe hujali."

"Na hili la kulia?"

"Hili la kawaida. Laini. Bonyeza uone. Linameza vishimo vyote vidogo, gari linakwenda kama liko juu ya zulia. Ila likitoboka, limetoboka. Na gari lako unalijua, buti lake halina hata nafasi ya tairi la akiba. Waliolitengeneza walisema, huyu tumempa matairi magumu, akiba ya nini tena?"

"Sasa nikitoboka njiani?"

"Wewe usitoboke, mzee, utatutoa machozi bure." Pancha akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakupa kopo la dawa ya kuziba na pampu ndogo. Tundu la msumari litaziba. Lakini nisikilize hapa vizuri. Ukisikia tu gari linavuta upande mmoja, simama palepale. Usiseme nafika pale mbele. Laini ukilikanyagia bila upepo, ringi inalikatakata lote, na hapo hata dawa haina kazi."

Fundi Vioo aliyatazama matairi yale kwa muda. Yalikuwa mapya, yana vile vinywele vya mpira vinavyotoka kila mahali kama ndevu za kijana anayebalehe.

"Ungekuwa wewe, ungechukua lipi?"

Pancha alimjua mke wa Fundi Vioo. Ovaroli aliyovaa ilikuwa imeshonwa na yeye, na viraka viwili vya magotini alivitia bila kuombwa.

"Mimi ningeangalia nani anakaa kile kiti cha pili," akasema.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, dogo, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba kuku angeweza kuchungulia dirishani. Mwenye gari wa kwanza alilileta kwa Fundi Vioo kubadilisha kioo cha mbele, halafu akahama nchi, akamwachia kwa bei ya kutupa. Mtaa mzima ulicheka. Mzee amepatwa na nini? Anataka kushindana na nani? Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa mkewe, Mshonaji, ambaye alitoka nje na futi ya kupimia bado shingoni, akalizunguka gari, akainama, akachungulia ndani.

"Fundi, hili si gari. Hili ni kiatu. Na umeleta cha mguu mmoja."

Basi jina likaganda. Wakawa wakitoka, majirani wanauliza: "Leo Kiatu mnakivaa mnakwenda wapi?" Na Mshonaji, ambaye alicheka kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye kile kiti cha pili kila Jumapili, kitambaa kichwani, dirisha wazi.

Walikuwa watu wa kufanya kazi kila mtu na yake, lakini kila mmoja akiwa nyuma ya mwenzake. Fundi Vioo alipofungua karakana ya kwanza, Mshonaji ndiye aliyeshona mifuko minene ya kubebea vioo. Na kila jioni aliporudi nyumbani, Fundi Vioo alisimama karibu na geti akazikung'uta nguo zake za kazi, na Mshonaji akaja nyuma yake na ufagio mfupi, ameinama hasa, pua karibu na ardhi, akifagia. Watoto wao walikua wanakimbia peku katika uwanja ule, na hakuna aliyewahi kukatwa mguu. Fundi Vioo hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Aliona tu uwanja ni safi, kama mtu anavyoona mchana ni mweupe.

Kisha maradhi yakaja, yakaingia mpaka mifupani. Hospitali yenye mashine ya mionzi ilikuwa kwenye mji mkubwa, ng'ambo ya bonde, mwendo wa asubuhi nzima. Basi lilimshinda Mshonaji safari ya kwanza tu, kwa kubanwa na kusukumwa. Gari la mkwe wao lilikuwa la kubebea mchanga, na lilirukaruka kama lina hasira na abiria wake. Kiatu kilikuwa na kiti kilichochongwa kufuata mwili wa mtu, chenye mbavu pembeni. "Hiki kinanikumbatia," Mshonaji alisema. Wakawa wanakwenda nacho.

Tatizo lilikuwa matairi. Yale magumu yalimpelekea kila kitu. Kila kiungo cha lami, kila kokoto, kila mfuniko wa mtaro ulipita kwenye ule mpira mnene, ukapanda kwenye kiti, ukamfikia mfupani. Safari ya mwisho alishika mpini wa mlango njia nzima. Hakulia. Fundi Vioo alijua tu kuwa anaumia kwa sababu hakumsikia akipumua. Walipofika nyumbani, alimbeba kwa msaada wa binti yao, wakamlaza, na Mshonaji akamshika mkono.

"Fundi, unisamehe. Nyingine kama ile siiwezi."

Alimwomba yeye msamaha! Fundi Vioo alitoka nje akasimama kwenye karakana tupu mpaka macho yakakauka.

Na safari moja ilikuwa imebaki. Daktari alikuwa amesema nao bila kuzunguka, kwa upole, amekaa upande wao wa meza na si upande wake. Mionzi haitamponya. Hakuna kitu cha kumponya. Ila duru hii ya mwisho huenda ikayatuliza maumivu ya mifupa, mgonjwa akapata kulala, maana Mshonaji alikuwa halali tena, si usiku wala mchana. Akisinzia kidogo, mfupa unamwamsha. "Tunachotafuta ni usingizi tu," daktari alisema. "Lakini msikose siku yenu. Mashine ni moja, na mwenye kukosa zamu anarudi mwisho wa foleni."

Usingizi. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitafuta Fundi Vioo pale kwa Pancha. Na matairi ya zamani yalikuwa yamekwisha upara, hayawezi tena barabara ndefu. Ilimbidi achague.

Binti yao, aliyekuwa mwalimu, alikuja mchana huo akiwa na chaki bado kwenye mkono wa gauni. Hakukaa hata kidogo.

"Baba, magumu. Hapa hakuna cha kufikiria."

"Yanamuumiza mama yako."

"Yanamuumiza, ndiyo. Lakini yanafika. Kule bondeni hakuna nyumba, simu haishiki, hakuna hata mti wa maana. Likitoboka laini utafanya nini? Utalibeba gari mgongoni?"

"Nimebeba vizito zaidi."

"Ulibeba, Baba. Zamani."

Neno lilipomtoka alilijutia, ilionekana. Akachukua kikombe cha baba yake, ambacho kilikuwa hakijafika hata nusu, akakijaza chai tena, akatia sukari, akakoroga yeye mwenyewe ili mkono wa mzee usihangaike na kijiko.

Sauti ikatoka chumbani. "Mnanipigia kura huko? Mgombea mwenyewe hamjamuuliza?"

Wakacheka wote wawili, ghafla, kama watoto waliokamatwa. Fundi Vioo akaenda mpaka mlangoni mwa chumba. Mshonaji alikuwa ameegemezwa mito, uso umekuwa mdogo kuliko zamani, macho yaleyale.

"Haya, mgombea. Unataka yapi?"

"Mimi abiria. Abiria hachagui tairi." Akavuta pumzi. "Chagua yale yatakayokuacha wewe ulale. Unageukageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango, na mimi ndiye ninayesemwa mgonjwa."

Basi Fundi Vioo akafanya kile ambacho fundi vioo tu angekifanya.

Kazi yake ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu barabara. Shimo kubwa halivunji kioo, kwa sababu dereva analiona, anapunguza. Kinachovunja kioo ni mtetemo mdogo usiokwisha, ule ambao dereva wala haujali. Akaingia karakana, akatafuta katika mabaki ya zamani, akapata vioo viwili vya fremu za picha, vyembamba kuliko vyote alivyowahi kuuza. Kimoja akakifunga kwenye blanketi la kazi, akakisimamisha kwa ukingo wake juu ya kiti cha Mshonaji, maana kioo hubebwa kikiwa kimesimama, hakilazwi. Akakifunga mkanda.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anamwagilia maua. "Fundi! Umeoa mke wa pili?"

"Huyu hasemi sana."

"Basi mshike huyohuyo, hawapatikani siku hizi."

Akaendesha kwa yale matairi magumu yaliyokwisha, mpaka darajani na kurudi. Hata kabla hajafika nyumbani alisikia. Sauti ndogo, kama mtu anayekata kucha. Alipofungua blanketi getini, kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, na upande wa chini kilikuwa kimesagika. Akavitia vipande vikubwa kwenye pipa. Blanketi akalishika kwa pembe mbili, akalikung'uta palepale karibu na geti, kama alivyokung'uta nguo zake kila jioni tangu waoane, akaingia ndani kunawa mikono. Pazia la dirisha la chumba cha Mshonaji lilitikisika kidogo, au ulikuwa upepo.

Kesho yake Pancha akamfungia laini, yote manne. Fundi Vioo akakisimamisha kioo cha pili kwenye kiti, akaenda njia ileile mpaka darajani, akarudi. Akafungua blanketi pale kibandani, polepole, kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Kilikuwa kizima. Hakuna hata alama. Akakiinua juani, na mwanga ukapita, na Pancha akaona mzee anacheka peke yake.

"Umeona? Umeona, kijana wangu?"

"Nimeona, mzee." Pancha akampa kopo la dawa na pampu ndogo. "Haya magumu mapya nakuwekea hapa pembeni. Simwuzii mtu mpaka mrudi salama. Na kumbuka nililokuambia."

"Likivuta upande, nisimame."

"Palepale."

Asubuhi ya safari, Fundi Vioo alimpakia mkewe kama alivyopakia vioo vya maduka makubwa. Blanketi moja mgongoni, moja kila ubavu, mto chini ya magoti.

"Fundi, unanifunga kama dirisha la mteja."

"Dirisha la mteja sikuwahi kulifunga vizuri hivi."

"Najua. Malalamiko yalikuja mpaka kwangu."

Binti yao aliwafungulia geti, hakusema neno kuhusu matairi. Alitia tu chupa ya maji miguuni kwa mama yake, akaubusu mkono wake, akasimama kando. Kiatu kikapita getini polepole, kikaingia barabarani.

Mwanzoni Mshonaji alishika mpini wa mlango, vidole vimekuwa vyeupe, akisubiri. Kiungo cha kwanza cha lami kikapita. Akamtazama mumewe. Cha pili kikapita. Wakapita mfuniko wa mtaro ule ambao siku ile ulimtoa jasho, na gari likaumeza, likanyamaza. Kidole kimoja kikaachia mpini, kisha kingine.

"Eh," akasema. "Leo wamepiga pasi barabara."

Fundi Vioo akaushika usukani kwa mikono miwili. Mji ukaisha, wakaanza kuteremka bondeni, nyasi ndefu pande zote na barabara imenyooka mbele. Alipogeuka tena, kichwa cha Mshonaji kilikuwa kimelalia ubavu wa kiti, mdomo umefunguka kidogo, mkono umelala wazi juu ya blanketi. Amelala. Si kusinzia kwa kushtuka. Alilala usingizi wa mtu mzima anayepumua kwa kina, hata akakoroma kidogo, na Fundi Vioo, aliyekuwa amelalamikia mkoromo huo ujana wake wote, akausikiliza kama redio.

Hapo ndipo usukani ukaanza kumvuta.

Ulimvuta kidogo tu, upande wa kushoto, kama mtoto anayemvuta mtu nguo. Alijua. Asiseme mtu kwamba hakujua. Sauti ya Pancha ilikuwa sikioni mwake: palepale. Taa ya kuonyesha upepo wa matairi ilikuwa imekufa zamani, lakini hakuhitaji taa, mikono yake ilimwambia. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Akamtazama Mshonaji. Kusimama ni kuzima gari, ni mlango kufunguka, ni jeki, ni pampu kunguruma, na usingizi ule utakwisha. Na ni siku ngapi hajaupata? Labda barabara imeinama tu upande ule. Na yale magumu hayakuwahi kumdai asimame, kwa hiyo mguu wenyewe haukuwa na mazoea hayo.

Kidogo tu, akasema moyoni. Nimfikishe pale mwinuko unapoanza. Alale mpaka pale.

Akaenda polepole, mwendo wa baiskeli. Mshonaji akaendelea kukoroma. Kisha nyuma kukatoka mlio wa kitu kinachopigapiga, kama mtu anayekung'uta mkeka, na gari likainama, na Mshonaji akafumbua macho.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado," akasema Fundi Vioo.

Tairi la nyuma lilikuwa limekuwa matambara. Ukuta wake umekatwa na ringi pande zote, nyaya zimetoka nje. Alitia dawa ya kopo hata hivyo, kwa kuwa mtu hawezi kukaa bure, na povu jeupe likatoka kila mahali, likadondoka kwenye vumbi. Akawasha simu. Haikushika. Akapanda kwenye kitu kama kichuguu, akainua simu juu. Haikushika. Jua likaanza kupanda.

Lori la kwanza lilipita bila kusimama, la pili likasimama. Dereva wake alikuwa mnene, sauti nzito, na alishuka akiwa tayari amebeba galoni la maji kabla hajaulizwa chochote. Alimwamkia Mshonaji kwanza, akainama dirishani kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeharibikiwa na kiatu."

Fundi Vioo akamweleza wanakokwenda. Dereva akatazama jua, akatazama tairi, akatikisa kichwa. Akapiga magoti, akayapekua yale matambara kwa vidole, na palipobaki kipande kizima cha uso wa tairi akachomoa kitu kwa kucha.

"Adui mwenyewe huyu hapa. Kioo."

Akamwekea Fundi Vioo kiganjani.

Kilikuwa kipande chembamba, chenye ncha, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Fundi Vioo hakuhitaji kukitazama mara mbili. Kioo cha dirisha kina unene wake, cha gari huvunjika kwa chembe, cha chupa kimepinda na kina rangi. Hiki kilikuwa bapa, cheupe kabisa, ukingo mmoja umenyooka kwa kukatwa na almasi. Mkono wa kukata ulikuwa wake. Akayaona yote kwa pamoja: blanketi, pembe mbili, geti, na uwanja ambao haukuwa umefagiwa tangu Mshonaji alale kitandani, kwa sababu hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kujua kwamba ulikuwa unafagiwa.

"Nionyeshe," Mshonaji akasema kutoka kwenye kiti.

Akampelekea. Hakuweza kukataa. Mshonaji akakichukua, akakigeuza juani, akamtazama mumewe usoni kwa muda.

"Chupa hii," akasema. "Walevi wa barabarani."

Dereva akacheka. "Chupa gani nyembamba hivi, mama?"

"Ya manukato. Kwani walevi wote wananuka?"

Dereva akacheka zaidi, na Mshonaji akatabasamu, na akakitupa kile kipande mbali kwenye nyasi, kwa nguvu ambazo Fundi Vioo hakujua kama bado anazo. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akakifunga kiganja chake kana kwamba bado kuna kitu ndani.

Dereva alijitolea kuwapeleka mpaka hospitalini. Lakini kichwa cha lori kilikuwa juu, ngazi zake za chuma ziko mbalimbali. Alimwinua Mshonaji mikononi, akapanda ngazi ya kwanza, na hapo Mshonaji akatoa sauti ambayo Fundi Vioo hakuwahi kuisikia kwake, hata alipozaa. Dereva akasimama kabisa. Akashuka kwa upole kuliko alivyopanda, jasho linamtoka, macho ameyaangusha.

"Nisamehe, mama."

"Hukukosea kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kupanda cheo."

Basi akatoa godoro lake mwenyewe nyuma ya kiti cha lori, lile analolalia safarini, akalitandika kwenye kivuli cha Kiatu, kivuli kidogo kama Kiatu chenyewe, wakamlaza. Akachukua namba za Pancha na za binti, akaahidi kupiga mara tu simu itakaposhika. Godoro hakulidai. Akasema atalipitia siku nyingine, na wote watatu walijua hatalipitia.

Pancha alifika mchana umekwisha geuka, na gari la kuazima, na yale matairi magumu mawili yamefungwa kamba nyuma. Hakusema, "Nilikuambia." Alifunga tu matairi, na alipomaliza akamshika Fundi Vioo begani, lile bega lililoshuka. Ujumbe wa hospitali aliubeba yeye, maana binti alimpigia akilia. Zamu ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Wao wamewekwa mwisho. Wajaribu tena baada ya msimu wa mvua.

Fundi Vioo akageuka kumtazama mkewe. Mvua yenyewe ilikuwa haijaanza.

"Huyo wa kwenye benchi," Mshonaji akasema, "ni mwanamke au mwanamume?"

"Sijui, mama," Pancha akasema.

"Haidhuru. Leo atalala."

Kurudi ilikuwa kwa matairi magumu nyuma. Kila kiungo cha lami. Kila kokoto. Mshonaji alishika mpini wa mlango njia nzima, na Fundi Vioo aliendesha akisikiliza pumzi zake, zinapokatika na zinaporudi.

Binti yao alikuwa anawangoja getini. Naye hakusema alichokuwa na haki ya kukisema. Alimchukua mama yake upande mmoja, baba upande wa pili, wakaingia naye ndani, na alipotoka alimkuta baba yake amepiga magoti pale getini, anapapasa mchanga kwa mikono mitupu. Alikuwa amepata vipande vitatu. Mkono ulikuwa unatoka damu kidogo. Binti akatazama vile vioo, akamtazama baba yake, akaelewa. Akaingia jikoni, akarudi na ule ufagio mfupi, uliokaa nyuma ya mlango muda mrefu, akamwekea kando. Akaenda kumchemshia mama yake maji.

Hawakwenda tena hospitali. Mshonaji alikataa bila ugomvi, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai, na daktari, aliposikia, hakuwalazimisha. Kiatu kilibaki uwanjani, mbele kimevaa laini na nyuma magumu, vinywele vya mpira bado viko juu ya matairi yote manne. Majirani wakipita hawakuuliza tena kinavaliwa kwenda wapi.

Na kila jioni Fundi Vioo akawa anafagia. Siku ya kwanza alifagia kama wanaume wanavyofagia, amesimama wima, anasukuma vumbi huku na huko. Dirisha la chumba lilikuwa wazi.

"Fundi."

"Naam."

"Inama. Ukisimama huvioni."

Akasimama kidogo na ufagio mkononi. Kisha akainama, mgongo ukilia, pua karibu na ardhi, na kweli akaviona, vinameta kama chumvi iliyomwagika.

"Umeviona?"

"Nimeviona."

"Nenda mpaka kwenye bawaba ya geti. Pale ndipo vinapojikusanya." Akapumzika kidogo. "Lile blanketi ulilikung'uta kwa nguvu sana. Nilikusikia. Nilitaka kukuita, nikasema nikipata nafuu kesho nitafagia."

Fundi Vioo alikwenda mpaka kwenye bawaba. Alifagia pale, akafagia chini ya gari, akafagia njia yote mpaka chini ya dirisha la Mshonaji. Giza lilipoanza kuingia akaacha, akasimama karibu na pazia, ameushika ufagio usitoe sauti, anasikiliza kama ule mkoromo umeanza.

Hakuwa amelala.